Kilindo Nilichosema Nimekiangalia

Nilisema nimeangalia, na sikuwa nimeangalia. Kosa lenyewe ni hilo tu, fupi, lingeweza kuandikwa kwenye ganda la kiberiti na nafasi ikabaki. Lakini nililisema mara tatu, mbele ya watu, na mara ya tatu nikaongeza na kipimo: nikasema mkono umeingia hadi kwenye kiwiko. Na kilichonizuia kuangalia kilikuwa fizikia. Wenzangu elimu iliwapeleka ofisini. Mimi ilinifikisha kwenye mlango wa jirani, ikanisimamisha hapo, kisha ikanirudisha nyumbani kulala.

Nisingeandika haya kama si redio. Juzi wasomi wawili walikuwa wakibishana kama ulimwengu huu ni wa kweli au ni mchezo tu unaochezwa ndani ya kompyuta ya mtu tusiyemjua, na sisi sote pamoja na mbuzi wetu ni picha. Mmoja akaleta habari za fizikia ya kwanta, za vitu vidogo sana ambavyo havina mahali maalumu mpaka vitazamwe. Mke wangu alikuwa akichambua mlenda. Niliinuka nikazima. Akaniuliza kama betri zimekwisha, nikasema ndiyo. Betri zilikuwa mpya, kwa hiyo mnaona kwamba hata leo sijapona vizuri.

Nilimaliza kidato cha nne miaka ya mwanzo ya Ujamaa, nikarudi kwetu upande wa Mtinko, na sikuondoka tena. Wenzangu walikwenda Dar es Salaam, Tabora, wengine jeshini. Mimi nilipenda nyumbani. Nilipenda jiko la bibi yangu, kivuli cha ukuta wa tembe saa tisa alasiri, na kitabu. Akina mama wa jirani waliniita mwali, kwa kuwa nilikaa ndani kama msichana aliyefichwa asionekane na wachumba. Wakipita kwenda kisimani walimuuliza bibi kwa sauti ya juu, ili nisikie, kama mwali wake ameshatoka au bado. Bibi naye, ambaye aliniita mume wangu kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, aliwajibu kwamba mume wake anasoma, wasimpigie kelele.

Nilichokuwa nasoma kilikuwa madaftari yangu ya shule, na hasa moja, la fizikia. Hapo mtu anaweza kudhani nilikuwa hodari wa somo hilo. Alama niliyopata kwenye mtihani sitaiandika hapa, kwa kuwa kuna watoto wangu wanaojua kusoma. Ila mwalimu wa somo lile alinitia homa. Alikuwa kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, mrefu, aliyevaa kandambili za matairi alizonunua sokoni na kuzipenda kuliko viatu vyake. Wiki ya mwisho, mitihani ilipokwisha, alituambia sasa atatufundisha kitu ambacho hakimo kwenye mtihani wowote. Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Akawasha tochi nyuma ya karatasi ngumu aliyoikata nyufa mbili nyembamba kwa wembe, na ukutani ikatokea mistari: mwanga na giza, mwanga na giza.

Akasema mwanga ni punje. Ukizirusha moja moja, mistari bado hutokea, kana kwamba kila punje imepita nyufa zote mbili kwa wakati mmoja. Lakini ukiweka kitu cha kuchungulia punje imepita wapi, mistari hupotea, na punje hujifanya imepita upande mmoja siku zote. Halafu akatupa mfano wa paka aliyefungiwa ndani ya sanduku pamoja na sumu ambayo huenda imemwagika na huenda haijamwagika. Kwa hesabu ile ile, alisema, mpaka ufungue sanduku paka yu hai na amekufa. Mwisho kabisa, akiwa anajipangusa mikono kwenye kaptula, akasema wapo watu kwao wanaofikiri huenda ulimwengu wote ni hesabu inayopigwa na mashine kubwa mahali fulani, na sisi ndio majibu. Akacheka mwenyewe. Aliandika ubaoni sentensi nyingine moja kuhusu yule paka, nikainakili haraka bila kuisoma, kwa sababu kengele ya chakula ilikuwa imelia na siku ile kulikuwa na nyama.

Nilirudi Mtinko na mambo hayo kichwani kama mtu aliyerudi na gramafoni. Sikuwa na pa kuipigia.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia kijiji kipya. Kilikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, kando ya barabara, mahali pa wazi pasipo hata mti wa kufungia mbuzi. Walikuja watu na kamba ya kupimia na vigingi, wakapanga viwanja mistari kama daftari la hesabu, na kila kiwanja kikapewa namba kabla hakijapewa mtu. Baba na mama walitangulia kujenga. Bibi alikuwa na mguu uliovimba, hawezi kutembea wala kupanda trekta, ikaamuliwa abaki kwenye tembe letu mpaka nyumba mpya iezekwe, na mmoja wetu abaki naye. Hakuna aliyeuliza nani. Wote waligeuka wakanitazama, na mimi nikajitahidi kufanya uso wa mtu anayejitolea.

Tembe la pili kutoka letu lilikuwa la mjane mmoja wa rika la mama yangu, mwenye mabinti wawili wadogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kukata kuni. Tangu mumewe afariki alilima peke yake, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona amesimama mlangoni kwa mtu na bakuli. Chakula chake cha mwaka mzima, na mbegu ya kupanda mvua ikinyesha, vilikuwa ndani ya kilindo kimoja cha uwele.

Kilindo, kwa asiyekijua, ni pipa kubwa la gome la mti, lililokunjwa na kushonwa kwa kamba. Hicho chake mumewe alikishonea ndani ya nyumba wakati wa ujana wao, bila kufikiria mlango. Tumbo lake lilikuwa pana kuliko mlango kwa kiasi cha shubiri mbili. Waliokuja kumsaidia kuhama walikizunguka, wakakipima kwa mikono, wakacheka. Kukitoa ilikuwa ni kukivunja, na uwele akiumwaga kwenye magunia hana pa kuuweka, kwa sababu kule kijijini alikuwa bado analala kwenye kibanda cha nyasi na wanawe. Akaamua kiachwe mpaka apate nyumba.

Alinivuta mkono akaniingiza ndani. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo nje, lakini mbele ya kilindo nikajikuta nikiamkia tena. Akanionyesha tundu la ubavuni, la kupitisha mkono, alilokuwa amelifunika kwa kipande cha kibuyu. Aliniambia kila baada ya siku kumi nilifungue, niingize mkono hadi kwenye kiwiko, nitulie, nihesabu mpaka ishirini kwa hesabu zangu za kizungu.

"Uwele mzima ni wa baridi," alisema. "Ukiugua unapata joto kama mtu. Ukisikia joto, hata kidogo, acha kila kitu uje uniite, nije na watu tuuanike. Ukiwahi, unapona. Umenisikia, mwanangu?"

Nilimsikia. Akaniambia pia nitazame miguu ya kilindo kama mchwa wamepanda, na dari kama inavuja. Kisha akaponda udongo na samadi kwenye kiganja, akaziba tundu, na kama walivyofanya mama na bibi yangu pia, akamaliza kwa kukandamiza vidole vyake vinne juu ya udongo mbichi. Akaondoka na mabinti zake na kuku watatu kwenye tenga.

Siku kumi zilipopita nilikwenda. Naapa kwamba nilikwenda, hilo ni kweli. Nilifungua mlango, nikasubiri macho yazoee giza. Kulikuwa na harufu ya popo. Kilindo kilisimama pale kama mgeni ambaye hajakaribishwa, na kwenye mguu wake mmoja niliona mstari mwembamba wa udongo unaopanda. Huenda ulikuwa udongo wa plasta uliodondoka kutoka ukutani. Huenda ulikuwa njia ya mchwa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeinama akakwangua kwa ukucha.

Mimi nilisimama mlangoni nikafikiri. Kama ningeingiza mkono nikakuta joto, ningelazimika kwenda kijijini kwa miguu jua la saa sita, kuita watu, kubeba, kuanika, na wote wangeuliza kwa nini sikuja mapema, ingawa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ndipo paka akanijia. Nikajiambia kwamba mpaka sasa, kwa kuwa hakuna aliyetazama, uwele huu ni mzima na ni mgonjwa kwa pamoja. Nikiufungua, nitaulazimisha kuchagua. Nani amenipa haki ya kuulazimisha? Nilijiona nimefanya jambo la huruma. Nikafunga mlango polepole, kama anayetoka chumba cha mtu aliyelala.

Bibi aliniuliza vipi uwele wa watu. Nikamwambia uko katika hali zote mbili. Akaniangalia kidogo, akasema, "Mume wangu, kanipikie uji," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililonifanya niongope mbele ya watu badala ya kuongopa peke yangu. Kwa sababu ya kidato changu cha nne nilipewa kufundisha kisomo cha watu wazima pale kijijini, mara mbili kwa wiki, saa tisa alasiri, kwenye banda la mikutano lisilokuwa na ukuta hata mmoja. Wanafunzi wangu wote walinizidi umri, na wengi walinijua tangu nikiwa natambaa. Mjane yule alikaa mstari wa mbele, jembe lake pembeni, kibao cha kuandikia magotini. Siku ya kwanza baada ya siku kumi zile, kabla sijafuta ubao, alinyoosha mkono kama nilivyowafundisha.

"Mwalimu. Umeangalia?"

"Nimeangalia, mama."

"Baridi?"

"Baridi."

Akashusha mkono, akaendelea kuandika herufi ya ba. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nilidhani uongo una uzito, kwamba mtu akiusema hujikwaa. Ulitoka laini kabisa.

Mara ya pili nilifika hadi uani kwake, nikatazama mlango, nikarudi. Mara ya tatu sikufika hata huko. Kila nilipozidi kukaa bila kuangalia ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, kwa kuwa sasa ningegundua hali ya uwele pamoja na muda wa uongo wangu. Basi nikawa naipanua elimu ili inifunike. Haikunitosha kwamba kilindo kimoja kiko katika hali mbili, nikahitaji dunia yote iwe hivyo. Nilitazama kile kijiji kipya na mistari yake na namba zake, nikaona ushahidi. Kuna mtu ofisini alituchora kwenye karatasi, na tazama, tumetokea. Kwa nini naye asiwe amechorwa na mwingine?

Siku moja wanafunzi walichoka na herufi wakaniomba niwape habari za shule ya juu. Nikawapa zote: nyufa, punje, paka, na ile mashine kubwa inayopiga hesabu ambayo sisi ni majibu yake. Nilisema vizuri, hata leo nakumbuka nilivyosema vizuri. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma, aliyekuja darasani kwa ajili ya kivuli zaidi, akaniuliza huyo mpiga hesabu alikuwa akituona tulipokuwa tunahamishwa. Nikasema kwa nadharia hiyo, ndiyo.

"Basi mimi alinikosea," alisema mzee. "Kanipa kiwanja namba ishirini na saba, na ishirini na saba yote ni shimo lililochimbwa na mhanga."

Watu wakacheka sana. Mjane hakucheka. Alitaka kujua kuni za mashine hiyo anakata nani, maana mashine ya kusaga iliyoko mjini tu inakunywa dizeli kama ng'ombe. Nikamwambia labda haihitaji kuni. Akasema kitu kisichohitaji kuni hajawahi kukiona, ila yeye hajasoma. Halafu, kwa sauti ile ile, akauliza kama nimeangalia.

Hapo ndipo nilipoongeza kipimo. Nilikuwa nimechangamka na kicheko, nikiwa bado na chaki mkononi. Nikakunja shati, nikamwonyesha hadi kwenye kiwiko. "Mpaka hapa, mama. Baridi kama maji ya mtungi."

Akanishukuru. Mbele ya darasa zima akasema huyu mwali mnayemcheka ndiye anayenilindia watoto wangu. Nikashusha mkono wa shati, na nakumbuka nilifunga na kifungo.

Mvua ya kwanza ilikuja mapema mwaka ule, alasiri, kwa upepo. Ilipiga kwa muda wa kupika ugali na kula, ikaacha. Mapaa yetu ya tembe ni ya udongo, yanataka mtu wa kuyapanda na kuyakandika kila kabla ya mvua. La kwetu nilikuwa nimelikandika, kwa kuwa bibi alisimama chini na fimbo akinielekeza. La jirani hakuna aliyelipanda. Usiku huo nilijiambia kwamba kesho asubuhi nitafungua, liwalo na liwe. Asubuhi nikapika uji kwanza. Bibi alipomaliza kunywa, nikaosha sufuria ambayo ingeweza kusubiri. Nilipotoka nje na mikono yenye majivu niliwaona wanakuja njiani: mjane mbele, akina mama wengine wanne nyuma na madebe na magunia kichwani, wakiimba. Walikuja kuchukua mbegu.

Ningeweza kusema pale. Kulikuwa na nafasi, tangu walipovuka korongo hadi walipofika uani, ya kusema maneno matatu. Niliwaamkia wote mmoja mmoja. Wakaniuliza kama mwali amelala salama. Nikasema salama, nikawafuata.

Aliingia wa kwanza. Mimi nilibaki karibu na mlango, kama kawaida yangu. Aliinama kwenye tundu akiwa ameshika kijiti cha kubandulia udongo, kisha akaacha. Akaweka vidole vyake vinne juu ya alama za vidole vinne zilizokauka pale. Viliingia sawasawa. Mimi, niliyesoma habari za nyufa na punje, nilikuwa nimesahau kabisa zile alama. Niliziona zikitiwa, nilisimama pale pale, na wakati wote wa kuongopa sikuzikumbuka hata mara moja.

Hakugeuka. Akabandua udongo, akaingiza mkono. Hakuhesabu mpaka ishirini. Akautoa, na punje zilizoshikana zilimganda mkononi kama unga wa uji ulioungua, na harufu ikajaa nyumba.

"Njoo utie mkono," aliniambia.

Nikasema naona, mama.

"Sikukuita uone. Tia mkono."

Nilitia, hadi kwenye kiwiko. Kulikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Juu ulikuwa umelowa, na chini niliuhisi ukitembea, mchwa walikuwa wamepanda kwa mguu ule ule niliouona siku ya kwanza. Nilitaka kuutoa mkono nikashindwa, kwa kuwa yeye alikuwa ameushika juu ya kiwiko na alikuwa bado hajaniachia.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku ile niliyosema ni baridi, ulikuwa baridi kweli. Nikamjibu kwamba sijui. Akaniuliza sijui vipi, na mkono nilitia. Ndipo nikasema sikutia. Akina mama wanne walikuwa mlangoni, na walikuwa wameacha kuimba zamani.

Alichofanya ni kufunga khanga kiunoni na kuanza kazi. Walivunja kilindo kwa shoka, kile kilichoshonwa na mumewe, kwa kuwa haikuwezekana tena kukiokoa, wakamwaga kila kitu uani, wakapepeta, wakatenga. Mimi nilibeba. Hakuna aliyenituma wala kunizuia, nikabeba tu kila kilichokuwa chini. Katikati ya lile lundo, kama kiini cha yai, palibaki uwele uliokuwa bado mzima, wa kujaza debe moja na kibuyu. Debe wakasema ni la kula. Kibuyu wakasema ni mbegu. Kilindo kile kilikuwa kinajaa madebe mengi. Sikuwahi kuthubutu kuuliza mangapi.

Mimi mwenyewe nilimwambia bibi kabla hajaambiwa na wengine. Akaacha kuniita mume wangu, akaniita kwa jina langu, kwa mwaka mzima.

Baba aligawa akiba yetu nusu kwa nusu, akapeleka nusu kwa mjane. Alipokea, akashukuru kwa heshima zote, na tukajua wote kwamba imemuuma kuliko njaa. Kibuyu cha mbegu kilimtosha kona moja ya shamba. Sehemu iliyobaki alipanda mahindi waliyogawiwa kijijini, na mahindi kwetu yalifanya kama yafanyavyo siku zote, yakasimama vizuri mpaka mwezi wa pili kisha yakakauka yamesimama. Mwezi wa tatu nilimwona kwa mara ya kwanza mlangoni kwa mtu, na bakuli. Mlango haukuwa wetu. Nilikuwa napita na kitabu. Nilibadilisha njia, na nilipofika mbali nikagundua nimekishika kitabu kichwa chini.

Darasani aliendelea kuja, mstari wa mbele, kibao magotini. Hakunyoosha mkono tena. Wengine ndio walionyoosha. Kijiji kizima kiliichukua fizikia yangu kikaitumia. Nikipita, mtu huuliza kama chumvi ipo, mwenzake hujibu ipo na haipo, kamwite mwalimu aje asiangalie. Watoto waliochelewa shule walisema walikuwa njiani na darasani kwa pamoja. Mzee wa namba ishirini na saba alikuwa akinivulia kofia na kuniomba nisilitazame lile shimo lake, huenda likajifukia. Nilicheka nao. Sikuwa na namna nyingine, na walikuwa wanachekesha kweli.

Mwaka uliofuata bibi aliomba karatasi ya kufungia tumbaku. Nikachukua daftari la fizikia, kwa kuwa nilikuwa sina hamu nalo, nikaanza kuchana kutoka mwisho. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa haraka, wa mtu anayewahi nyama, kulikuwa na ile sentensi iliyoandikwa ubaoni siku ile. Ilikuwa kwa Kiingereza. Kwa lugha yetu ilisema hivi: paka ni mzaha, aliyemtunga alitaka kuonyesha kwamba ni upuuzi kuvichukulia vitu vikubwa kama punje. Nilikuwa nayo ndani ya nyumba muda wote. Nilikuwa nayo hata siku nilipofunga ule mlango polepole.

Jambo hilo lilinipa nguvu, naona aibu kulisema. Nilidhani sasa nina cha kumwambia mjane. Kwamba nilikosea somo, si kwamba niliongopa tu. Nikakunja ukurasa nikautia mfukoni, nikaenda asubuhi.

Alikuwa nje ya nyumba yake mpya, ya namba, anashona kilindo kipya. Kaka yake alimletea gome, naye akalikunja mwenyewe, na kilindo chenyewe kilikuwa chembamba. Kamba yenye fundo aliyopimia mlango bado ilikuwa imelala mchangani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kushika ili gome lisifunguke. Nikashika. Tukafanya kazi kwa muda, yeye akitoboa na kuvuta kamba, mimi nikishika.

Kisha nikamweleza. Nilimsomea ukurasa, nikautafsiri, nikamwambia kwamba mwalimu wetu alituonya, kwamba mambo yale ni ya vitu vidogo sana visivyoonekana, wala si ya uwele, na habari za dunia kuwa hesabu zilikuwa mawazo ya watu tu, na mimi nilizielewa vibaya. Nilisema nimekuja kuomba radhi kwa kutoelewa.

Aliacha kushona. Akaitazama ile karatasi, na kwa kuwa sasa alijua kusoma, nikaona midomo yake ikifuata herufi zisizokuwa za kwetu, akaiacha. Akanitazama mimi. Alichosema nakiandika kama alivyokisema, sijapunguza wala kuongeza:

"Ungesema ulikuwa mvivu, ningekuzaba kofi yakaisha siku ile ile. Wewe umeona afadhali dunia nzima iwe ya uongo, mimi na watoto wangu tuwe wa uongo, kuliko wewe kuonekana mwongo. Rudisha huo ujinga mfukoni, ushike gome kwa mikono miwili."